Mtu Anayekosa Hewa Hajui Kama Anakosa Hewa

(Haya ni maneno niliyoongea Moshi kwenye semina ya waongoza wageni na wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, kabla msimu haujaanza. Wengi walikuwa mlimani siku ile na wameomba wayapate, kwa hiyo nimeyaweka yote kama yalivyotoka, picha za ukutani tu ndio nimeziacha.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Nyie wengine, mambo vipi.

Mimi ni fundi wa ndege. Kazi yangu miaka yote ni upande wa hewa, yaani ile mitambo inayomfanya abiria apumue na asigande kule juu. Mwenyekiti wenu aliponiita nikamuuliza, mzee, mimi nikaongee nini na watu wa mlima? Akanijibu wageni wetu wote wanakuja na ndege na wanaondoka na ndege, na maswali wanatuuliza sisi. Nikakubali hapo hapo, kwa sababu sijui kundi lingine nchi hii linaloijua hewa nyembamba kama nyie. Nikiongea na watu wa Dar inabidi nianze mbali kweli, nieleze presha inashuka vipi ukipanda juu, mtu anakuwaje. Nyie mnaijua kwa mapafu yenu wenyewe. Mmeshambeba mtu mgongoni usiku saa nane kwa sababu ya hewa hiyo.

Kwa hiyo leo ndege tutaipandisha kwa vituo vya njia ya Marangu. Tuko pamoja? (Watu: Tupo!)

Geti la Marangu liko kama mita 1,870. Mandara mita 2,720. Horombo 3,720. Kibo Hut 4,720. Uhuru 5,895. Hizo namba mnazo kichwani. Sasa ndege kubwa ikishatulia angani inakuwa kwenye mita kama 11,000, yaani chukua Kilimanjaro upandishe juu ya Kilimanjaro nyingine, ndio unaipita ndege kidogo. Nje kule ni baridi ya nyuzi kama 55 chini ya sifuri. Oksijeni kwenye hewa ni ile ile asilimia 21 kama ya Tanga ufukweni, ila presha haifiki hata robo ya ile ya ufukweni. Uhuru mnajua mnapata kama nusu na mnaona watu wanavyokuwa. Je, kwenye chini ya robo?

Mtu aliyetolewa huku chini akawekwa ghafla kwenye hewa ya mita 11,000 ana sekunde 30 hadi 60 za akili timamu. Sisemi za kuishi, nasema za akili, za kujua hiki ni kitufe na hiki ni mkono wangu. Baada ya hapo macho yako wazi lakini hakuna mtu ndani. Na ndani ya ndege hiyo hiyo, wakati huo huo, kuna bibi amelala, kuna mtoto anakula wali kuku. Inawezekanaje?

Wangapi hapa wamewahi kulipampu lile begi la Gamow, lile la kumwokoa aliyezidiwa na mwinuko? Naona mikono. Vizuri sana, basi kazi yangu imekuwa nyepesi, kwa sababu ndege ni begi la Gamow lenye mabawa, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno, ni mtambo wa aina moja kabisa. Mgonjwa unamlaza ndani, unafunga zipu, unapampu kwa mguu, presha ndani inapanda mpaka inaizidi ya nje kwa kama psi 2 (psi ndiyo kipimo chetu cha presha), na mwili wake unajiona umeshuka mita elfu moja na nusu, elfu mbili hivi, bila kubebwa popote. Ndege inafanya hivyo hivyo ila tofauti ya ndani na nje inafika psi 8 na zaidi. Sasa niambieni, begi likishajaa, unaacha kupampu? (Watu: Hapana!) Kwa nini hauachi? (Sauti: Anaishiwa hewa mule!) Umesema kweli kaka yangu. Unaendelea kupampu ili hewa mpya iingie na ile aliyokwisha kuipumua itoke kwenye valvu. Begi halikai limefungwa, begi linapitisha.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu ndege. Wanadhani milango ikishafungwa hewa ni ile ile mliyoingia nayo mnavutana mpaka Amsterdam. Hapana. Ndege inapitisha hewa muda wote, kila baada ya dakika mbili tatu hewa yote ya kabini imeshabadilishwa. Nairudia kwa sababu wageni wenu wataulizia, kila dakika mbili tatu.

Anayepampu ni nani? Ni injini. Hewa ya nje inaingia mbele, inabanwa na mapanga ya kompresa hatua kwa hatua, na kabla haijafika pale mafuta yanapowaka, sehemu yake inachepushwa kwenye bomba kuja kwetu. Mtu ataniuliza, sasa si tunavuta moshi? Sio moshi, imechukuliwa kabla ya moto. Ila nisiwafiche, sili ya oili kwenye injini ikivuja harufu inaweza kuingia kabini, inanuka kama soksi chafu, na sisi mafundi harufu hiyo ikiripotiwa tunaitafuta mpaka tuione inatoka wapi, sio jambo la kupuliza manukato ukaendelea na safari.

Hewa hiyo inatoka kwenye injini ikiwa moto, inapita nyuzi 200. Ukipampu baiskeli ukashika pampu si inakuwa ya moto? Ndiyo hiyo, hewa ukiibana inapata joto. Na ukiiachia itanuke inapoa, na ujanja wote wa kiyoyozi cha ndege uko hapo, haina gesi kama friji ya nyumbani. Chini ya tumbo la ndege kuna mashine mbili tunaziita paki. Ile hewa ya moto inapozwa kwanza kwa hewa baridi ya nje inayopita pembeni bila kuchanganyika nayo, halafu inabanwa tena, inapozwa tena, halafu inaachiwa itanuke ghafla ndani ya turbini ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa mno, na hapo inatoka baridi karibu ya kuganda. Maji yaliyomo yanakamuliwa. Kisha inarudishiwa moto kidogo kulingana na kila sehemu ya kabini inavyotaka, na inachanganywa na hewa ya kabini iliyopitishwa kwenye filta za HEPA, karibu nusu kwa nusu kwenye ndege nyingi. Filta hizo zinakamata asilimia 99.97 ya vumbi dogo kabisa, vijidudu humo. Inaingilia juu kichwani kwako inatokea chini pembeni ya miguu, kwa hiyo haitembei kutoka siti ya kwanza mpaka ya mwisho ikikusanya mafua ya kila mtu njiani.

Na ule ukungu mweupe unaotoka kwenye matundu ya dari ndege ikiwa chini Dar au Zanzibar, kuna watu wanapiga kelele moto, moto! Sio moto jamani. Ni ule unyevu wa pwani umekutana na hewa ya baridi. Mkisikia mgeni anasimulia hivyo mtulizeni.

Sasa hewa inaingia tu muda wote, nani anaamua presha iwe kiasi gani? Sikilizeni hapa kwa makini. Wanaoingiza hawaamui, anayeamua ni anayetoa. Nyuma chini ya mkia kuna mlango mdogo, valvu ya kutolea hewa. Ukiibana presha inapanda, ukiifungua inashuka. Kompyuta inaichezesha polepole kwa milimita toka ndege inapaa mpaka inatua, na ndiyo maana masikio yanabonyea taratibu. Valvu moja ile ndiyo inayofanya abiria ajione yuko chini ya Mandara wakati ndege iko karibu na urefu wa Uhuru mbili. Kwenye ndege nyingi presha ya kabini inaruhusiwa kushuka mpaka kiwango cha futi 8,000, mita 2,440. Umeshapita geti, hujafika Mandara. Addis Ababa uwanja wa Bole uko mita 2,334, kwa hiyo wageni wanaobadilisha ndege pale wanashuka kwenye hewa karibu ile ile waliyokuwa nayo angani. Zile Dreamliner, Boeing 787, kama zile za Air Tanzania, zenyewe hazichukui hewa ya kabini kwenye injini, zina kompresa za umeme zinazovuta hewa moja kwa moja kutoka nje, na kabini haizidi futi 6,000, ambayo ni geti la Marangu hasa.

Mtaniuliza, kwa nini wasiweke presha ya pwani moja kwa moja tupumue vizuri? Swali zuri, na jibu lake liligharimu maisha ya watu.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, na ilitua Entebbe hapo jirani. Ilikuwa inaruka juu kuliko ndege zote za abiria za wakati ule, kwa hiyo presha ndani ilikuwa kubwa kuliko walivyozoea. Kila safari bodi la ndege linavimba likipanda, linanywea likishuka. Linavimba, linanywea. Linavimba, linanywea. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile iliyofanya safari ya kwanza, ile ile nasema, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba ikitoka Roma, watu 35 wakafa. Ndege hizo zikasimamishwa, zikakaguliwa, zikarudishwa angani, na tarehe 8 Aprili nyingine ikapasuka karibu na Naples, watu 21. Wataalamu Uingereza wakachukua Comet nzima wakaitumbukiza kwenye tangi la maji kule Farnborough, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, kuijaza na kuitoa, usiku na mchana, mpaka baada ya mizunguko kama 3,000 ukijumlisha na safari ilizokwisha kuruka, bati likachanika. Ufa ulianzia kwenye kona. Kona za matundu, ya madirisha na ya antena, ndipo nguvu zote zilipokuwa zinakusanyika na bati linachoka polepole bila mtu kuona. Kwa hiyo mkiona dirisha la ndege kona zake ni za mviringo mjue limeandikwa kwa damu za watu. Na kila psi unayoongeza ndani ni mzigo kwenye bati. Kwa tofauti ya psi 8, kila mita moja ya mraba ya ukuta wa ndege inasukumwa na zaidi ya tani tano. Futi 8,000 ni mapatano kati ya mapafu ya abiria na bati la ndege. Dreamliner imeweza futi 6,000 kwa sababu bodi lake sio la bati, ni la nyuzi za kaboni, halichoki kwa namna ile wala halili kutu.

Sasa naomba utulivu, maana nafika kwenye jambo lililonileta hapa.

Tarehe 14 Agosti 2005 asubuhi, Boeing 737 ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens, watu 121. Usiku wake ndege ile ilikuwa imetoka London, wahudumu wakaripoti mlango wa nyuma una shida. Mafundi wakapima presha ikiwa chini, na ili kupima hivyo swichi ya presha inatolewa kwenye otomatiki inawekwa kwenye mkono. Walipomaliza, swichi ikabaki kwenye mkono. Swichi moja. Marubani wakakagua kabla ya kuondoka, hawakuiona. Wakawasha injini, hawakuiona. Wakapaa, hawakuiona. Na ile valvu ya nyuma niliyowaambia ikabaki imeachama kiasi, hewa inaingia na kutoka, ndege inapanda, presha haishikiki.

Walipofika kama futi 12,000 honi ya hatari ikalia. Honi hiyo hiyo ndiyo inayolia pia chini uwanjani kama ndege haijapangwa vizuri kwa kupaa. Marubani wakadhani ni ile ya chini. Wakaendelea kupanda huku wanahangaika na honi. Taa nyingine ikawaka ya mitambo kukosa ubaridi, maana hewa ilikuwa nyembamba mno kupoza chochote. Rubani akapiga redio kwa fundi wa chini. Fundi akamuuliza, paneli ya presha iko kwenye otomatiki? Jamani, swali lilikuwa ndilo lenyewe! Na rubani hakulijibu, akauliza fyuzi za kupoza mitambo ziko wapi.

Kwa nini hakulijibu? Nyie mnajua. Nyie ndio mnajua kuliko wachunguzi wote. Mgeni pale Gilman's, kule juu karibu na kilele, anayumba, midomo bluu, unamuuliza uko sawa? Anakuambia nini? (Watu: I'm ok!) Anakwambia niko sawa, twende! Tena anakukasirikia. Ubongo unaokosa oksijeni haupigi kengele, unajisikia vizuri, mwingine unafurahi kabisa. Mtu anayekosa hewa hajui kama anakosa hewa. Narudia, hajui. Rubani mwenye masaa elfu na elfu hewani alikuwa anaongea kwenye redio huku anapotea na hajijui.

Dakika chache baadaye redio ikanyamaza. Ndege ikapanda yenyewe mpaka futi 34,000, ikafika Athens ikaanza kuzunguka, otopailoti inaendesha. Ndege mbili za kivita za Ugiriki aina ya F-16 zikatumwa, marubani wake wakachungulia dirishani, wakaona rubani msaidizi ameinamia mbele, kiti cha nahodha kitupu, maski zinaning'inia kabini. Halafu wakamwona mtu mmoja anaingia chumba cha marubani, kijana mhudumu anaitwa Andreas Prodromou, aliyebaki macho huku wenzake wote wamezimika, huenda kwa ile mitungi midogo ya oksijeni ya kubeba mkononi. Alikuwa na leseni ya urubani lakini sio ya ndege kubwa ile. Muda mfupi tu baadaye injini ya kwanza ikazima, mafuta yameisha. Ilianguka karibu na Grammatiko. Hakupona mtu. Mimi nikiwaza kijana yule hua nashindwa kuendelea, mnisamehe.

(Hapa watu walinyamaza kidogo.)

Tuendelee. Baada ya hapo 737 zikawekewa taa zake maalumu za onyo la presha, ili honi isichanganywe tena.

Sasa maski. Presha ya kabini ikipungua kufikia kiwango cha futi 10,000, marubani wanapigiwa onyo. Ikifikia kama futi 14,000, maski zinadondoka kwa abiria. Futi 14,000 ni mita 4,270. Chini ya Kibo Hut! Nyie mnalala Kibo, mnapika uji, mnaimba, hakuna maski. Mbona ndege inaogopa hivyo? Kwa sababu nyie mmefika kwa siku tatu nne, pole pole, mwili umejipanga. Mwaka 1978 Messner na Habeler walifika kilele cha Everest bila oksijeni ya mtungi, lakini walikuwa wamekaa mlimani wiki kadhaa wakizoea, na watu hao hao ungewatoa pwani ukawapeleka urefu ule kwa dakika moja wangeanguka. Na ikifika hali ya maski kudondoka, ndege inaweza kuwa iko mita 11,000 na hewa inakimbia.

Kwa hiyo ile kauli ya mhudumu, vaa yako kwanza ndipo umvalishe mtoto, akina mama wengi inawauma, wanaona ni ubinafsi. Mama yangu, una sekunde 30. Ukianza na mtoto anayelia na kukataa, sekunde zimeisha na mmezimika wote wawili. Ukivaa yako, hata mtoto akizimia kidogo unamvalisha anaamka. Vuta maski kwa nguvu, maana kule kuvuta ndiko kunakowasha kile kikopo cha kemikali kilicho darini. Kinapata moto na kunaweza kuwa na harufu ya kuungua, usiogope. Mfuko unaweza usijae, usiogope pia, oksijeni inakuja. Inatosha kama dakika 12 au zaidi kidogo, na rubani hatakuambia lolote maana yuko busy anashusha ndege kwa kasi mpaka futi 10,000, yaani kati ya Mandara na Horombo, hapo unavua unapumua kawaida.

Namalizia na yale mliyoniandikia kwenye karatasi.

Kwanini wageni wanashuka uwanja wa KIA wamechoka, midomo imekauka? Hewa ya mita 11,000 haina maji karibu kabisa, kabini unyevu wake hua chini ya asilimia 20. Mtu amekaa humo masaa nane, na oksijeni yake ilikuwa pungufu kwa pointi kadhaa, mngempima na oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni, mngeona. Usiku wa kwanza apewe maji na alale, mlima asubuhi yake hapana. Na asikudanganye kwamba ameshazoea mwinuko kwa kukaa ndegeni, masaa nane ya futi 8,000 hayamfanyi kitu.

Vile vindege vya Caravan vya kutoka Arusha kwenda Serengeti vina presha? Havina. Hewa ya ndani ni ya nje, ndiyo maana vinaruka chini. Mwenye mafua makali masikio yatamuuma zaidi ndege ikishuka, afunge mdomo, abane pua, asukume hewa kwa upole, na mtoto mchanga anyonye.

Mgeni aliyeshushwa na maji kwenye mapafu, apande ndege kesho yake? Kabini ni karibu Mandara. Kama bado anahema akitembea hapa Moshi, unataka umrudishe Mandara kwa masaa nane, bila wewe kuwepo kumshusha? Daktari amwone kwanza, aruhusu yeye, tiketi ibadilishwe. Ndege za wagonjwa zenyewe zinaweza kuruka chini zaidi ili kabini iwe karibu na presha ya pwani, hiyo ni habari nyingine.

Na la mwisho, huyu aliyeandika kuhusu wageni wanaoanza Zanzibar kuzamia na mitungi halafu wanarukia kwetu kupanda mlima. Dada umeuliza jambo zito. Aliyezamia ana naitrojeni kwenye damu, presha ya kabini ikishuka inaweza kutoka mapovu mwilini. Asubiri angalau masaa 18 baada ya kuzamia mara nyingi, na 24 ni salama zaidi, kabla ya kupanda ndege. Ukipokea buking yenye kuzamia asubuhi na ndege jioni, mpigie simu kabla hajaondoka Zanzibar.